Kiingereza cha Kuombea Maji Kinahitaji Mwalimu Makini

Ukimuuliza mtu wa Mbeya kama anajua Kiingereza, aghalabu atakujibu, "Cha kuombea maji tu." Mazungumzo huishia hapo. Mimi ningependa yaanzie hapo. Kiingereza cha kuombea maji ndicho ninachofundisha, jioni watu wakishafunga biashara, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya maduka ya Mwanjelwa, na kadiri ninavyozidi kukifundisha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hakuna Kiingereza kinachohitaji mwalimu makini kuliko hicho. Anayesoma fasihi chuo kikuu atajisaidia mwenyewe vitabuni. Anayeanza na "I am" hana pa kushika ila maneno ya yule anayemfundisha.

Wanaokuja ni watu wazima. Wapo mafundi cherehani, madereva wa bajaji, dada wanaopanga parachichi kwenye maboksi huko Rungwe msimu ukifika, vijana wanaopeleka nyaraka za mizigo Tunduma, na akina mama ambao mtoto wao wa kwanza ameingia kidato cha kwanza wakakuta hawawezi tena kumwangalizia madaftari. Na sisi huku tumekaa mahali pa pekee. Ukifuata barabara kuu kwenda magharibi unafika Tunduma, na ng'ambo ya pale ni Nakonde, Zambia. Ukishuka kusini kupitia Tukuyu hadi Kyela unafika Kasumulu, na ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Nchi zote mbili Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya serikali. Ni kweli mpakani watu hupatana bei kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kwa Kinyamwanga, hata kwa vidole. Lakini fomu ni ya Kiingereza, ankara ni ya Kiingereza, na ugomvi ukizuka, kitakachoandikwa kitaandikwa kwa Kiingereza.

Msimamo wangu ni huu: mtu wa hapa anayeanza Kiingereza aelezwe kwa Kiswahili. Mazoezi yawe ya Kiingereza, tena mengi na kwa sauti. Maelezo yawe kwa lugha ambayo tayari anafikiri kwayo.

Najua wapo watakaokataa. Wengi wetu tulisoma sekondari ambako kuongea Kiswahili kulikuwa kosa. Aliyekamatwa alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka naye amnase mwenzake. Matokeo yake nayaona kila ninapopokea wanafunzi wapya. Hawa ni watu waliokaa na Kiingereza miaka mingi ya shule ya msingi, wengine na minne ya sekondari juu yake. Maneno wanayo, tena mengi kuliko wanavyodhani. Ila ukimwomba mmoja wao aseme jina lake na kazi yake, anashusha macho na sauti inapotea kooni. Miaka yote hiyo alifundishwa kuogopa kukosea, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamweleza kwa utulivu, kwa lugha anayoielewa, sentensi ya Kiingereza inasimamaje.

Basi mimi naanza na kitenzi, maana hapo ndipo Kiswahili na Kiingereza vinapoachana zaidi, na hapo ndipo Kiswahili kinaposaidia zaidi.

Chukua neno "sijamwona." Ni neno moja, lakini ndani yake mna mtu anayesema, mna ukanushi, mna wakati, mna mtu anayetafutwa, na mna tendo lenyewe. Kiingereza hakiwezi kubeba vyote hivyo katika neno moja. Kinafanya kama fundi anayefumua gauni na kutandaza kila kipande mezani: "I have not seen him." Maneno matano. Naandika ubaoni "si-ja-mw-on-a" na chini yake yale matano, kisha nawaachia kazi ya kuunganisha kwa mstari kipande cha juu na mwenzake wa chini. Fundi mmoja wa Soweto, mtaa wa hapa Mbeya, alipomaliza zoezi hilo alisema, "Kumbe vyote vilikuwemo, Mwalimu." Vilikuwemo. Viambishi tumefundishwa wote darasani kwenye somo la Kiswahili, tukavisahau tulipofunga mtihani. Huku vinarudi na kazi mpya.

Vipande vikishatandazwa, mpangilio wake unakuwa ndiyo sheria. Kiswahili kinaturuhusu kusogeza maneno kwa sababu viambishi vinatuonyesha nani katenda. "Mama kanunua viazi," "viazi kanunua mama," zote zinaeleweka, na hakuna atakayefikiri kwamba viazi vimekwenda sokoni kumnunua mama. Kiingereza kikisema "potatoes bought mother," kimesema hivyo hivyo kilivyosema: viazi vimemnunua mama. Mtenda atangulie, kitenzi kifuate, mtendwa aje nyuma. Mtu akilishika hili siku za mwanzo, nusu ya mkanganyiko wa baadaye hautokei kamwe.

Halafu tunafika kwenye "do," ambayo huwachosha watu. Kiswahili kinaweza kuuliza kwa sauti tu. "Unauza mchele." "Unauza mchele?" Maneno ni yale yale. Kiingereza kinataka kisaidizi mbele: "Do you sell rice?" Akiwa ni yeye, kile kiherufi "s" kinachokaa kwenye "she sells" kinahama: "Does she sell rice?" Kikishahamia kwenye "does," kwenye "sell" hakibaki. Wakati uliopita ni vivyo hivyo. "She sold" inakuwa "Did she sell?" na "She did not sell." Kosa la karibu kila anayeanza ni "did not sold," na nimeona vitabu vikilisahihisha kwa kusema tu kwamba ni kosa, likisahihishwa leo na kurudi kesho.

Mimi nawauliza: kinyume cha "aliuza" ni nini? Wote kwa pamoja: "Hakuuza." Je, kuna anayesema "hakuliuza" akimaanisha hakuuza jana? Hakuna. Kwa nini? Kwa sababu "-li-" ya wakati uliopita haivumilii kukanushwa. Ukikanusha inaondoka na "-ku-" inachukua nafasi. "Ameuza" inakuwa "hajauza," yaani "-me-" imeondoka, "-ja-" imeingia. "Anauza" inakuwa "hauzi," na hata irabu ya mwisho imegeuka. Kiswahili chetu mara nyingi kinabadilisha alama ya wakati kinapokanusha, na mtoto wa miaka minne wa Mafiati anafanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Kiingereza nacho kina tabia hiyo hiyo: kikikanusha, alama ya wakati inahama kutoka kwenye kitenzi kwenda kwenye "did." Mtu akilisikia hili kwa Kiswahili, "did not sold" inaanza kumkera masikioni kama "hakuliuza" inavyomkera. Na kosa likishakera sikio, mwenyewe atalirekebisha njiani.

Nakaa sana pia kwenye "-me-," na naona vitabu vingi vinaipita haraka mno. Mwanafunzi huambiwa kwamba "-me-" ni "have." "Nimekula," "I have eaten." Sawa. Kisha anakwenda nyumbani akiwa amechoka na kusema "I have tired," akiwa ameshiba anasema "I have full," na anaambiwa hajui Kiingereza. Amefuata alichofundishwa. Ukweli ni kwamba "-me-" yetu ina kazi mbili. Ipo inayoeleza jambo lililokwisha kutendeka, na ipo inayoeleza hali mtu aliyomo sasa: amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, ameshiba, amekasirika. Hii ya pili Kiingereza huisema kwa "is" na ndugu zake: "he is asleep," "she is wearing a sweater," "I am tired." Kipimo ninachowapa ni kujiuliza kama hali hiyo bado ipo mbele ya macho. Mtoto amelala, ukimtazama sasa hivi, yumo usingizini? Yumo. Basi ni "is." Si kipimo kinachotatua kila kitu, lakini kwa mwaka wa kwanza kinatosha sana.

Na hiyo ya kwanza nayo ina mpaka wake. Sisi tunasema "nimefika jana" na hakuna anayeshangaa. Kiingereza hakikubali "have" ikae pamoja na jana, wiki iliyopita au mwaka 2015. Ukishataja siku iliyokwisha kupita, rudi kwenye wakati uliopita wa kawaida: "I arrived yesterday." Kwa upande mwingine, sisi tunasema "naishi Uyole tangu 2010," kwa wakati uliopo, maana bado tunaishi. Kiingereza hapo ndipo kinapoitaka "have": "I have lived in Uyole since 2010." Hapa huwa sina njia ya mkato. Tunasema sentensi za maisha yao wenyewe, kila mtu zake, tangu lini anauza, tangu lini anashona, amefika lini Mbeya, mpaka ziingie.

Yale mengine ya "kuwa" na "kuwa na" yanakwenda haraka zaidi. Kwetu njaa tunayo, kiu tunayo, miaka tunayo. Kwao mtu yu mwenye njaa, yu mwenye miaka: "I am hungry," "I am thirsty," "I am thirty years old." Na sentensi yao haikai bila mtenda hata kama hakuna mtenda. "Ni mbali," "it is far." "Kuna baridi," "it is cold," sentensi ambayo mwezi wa Juni na Julai hapa Mbeya mwanafunzi hahitaji kukumbushwa kuitumia. Wengi huanza kwa kusema "is far," "is cold," kwa sababu "ni" yetu inasimama peke yake. Nawaambia kila sentensi ya Kiingereza, ukiacha ya kuamrisha, ina kiti cha mbele, na asipopatikana wa kukikalia, "it" inakaa.

Kuna jambo moja ambalo sarufi za shule hulitaja kwa mstari mmoja au halimo kabisa, nalo limewagharimu watu fedha. Ni namna ya kujibu swali lenye ukanushi. Kijana mmoja katika wanafunzi wangu alipeleka nyaraka za mzigo mpakani, akiwa na nakala tu, ile karatasi halisi ikiwa bado iko njiani. Aliyempokea upande wa pili akamuuliza, "You don't have the original?" Kijana akajibu, "Yes." Kwa Kiswahili amejibu sawasawa kabisa: huna? Ndiyo, sina. Ndiyo yetu inakubaliana na kauli ya muulizaji. Yule mwingine alisikia kwamba anayo, akamwambia akae asubiri, na lori likakaa foleni mpaka jioni watu wawili wakisubiriana, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye anayechelewesha. Kwa Kiingereza "yes" na "no" hufuata ukweli wa jambo, hazifuati kauli ya muulizaji. Kama huna, ni "No, I don't," hata muulizaji aulize kwa namna gani. Kama unayo, ni "Yes, I do." Siku hizi zoezi hili nalifanya kabla ya hesabu za wingi na umoja. Tunaulizana kwa zamu, haraka haraka: "You don't live in Iyunga?" "You didn't come by bajaji?" Na sharti langu ni moja, asijibu "yes" au "no" peke yake. Amalizie na "I do," "I don't," "I did," "I didn't." Ule mkia ndio unaomwokoa, kwa sababu hata akikosea mwanzo, mkia unamfafanulia msikilizaji.

Saa nayo inaweza kumkosesha mtu usaili wa kazi. Siku yetu inaanza jua likichomoza, kwa hiyo saa ya kwanza baada ya alfajiri ndiyo saa moja. Waingereza wanaanza kuhesabu saa sita ya usiku. Tofauti ni saa sita, daima. Lakini watu wetu wanaijua tayari bila kujua kwamba wanaijua, maana simu zao zinaandika 8:00 na wao wanasoma saa mbili. Nawaambia wakiongea Kiingereza wasome namba kama ilivyo kwenye simu, basi. Wakiambiwa "two o'clock" mchana, ni saa nane. Tunalimaliza kwa jioni moja.

Kuomba, kwa upande mwingine, hakumalizwi kwa jioni moja, na hapa narudi kwenye maji. Mtu akitafsiri "nipe maji" anapata "give me water," na sentensi haina kosa lolote la sarufi. Ila imetoka kama amri. Sisi adabu yetu tunaiweka kwenye "naomba," kwenye salamu iliyotangulia, kwenye kuita mtu mama, dada, kaka, mzee. Kiingereza hakina shikamoo. Adabu yake kubwa imejificha ndani ya vitenzi visaidizi: "could," "would," "may." "Could I have some water, please?" Kitenzi kimerudishwa nyuma hatua moja kana kwamba jambo lenyewe liko mbali, na kule kurudi nyuma ndiko heshima. Mwanafunzi anayejua "could" na "would" peke yake, hata kama mengine bado yanamsumbua, ataonekana mtu mstaarabu popote atakapokwenda. Asiyezijua anaweza kuwa na maneno elfu kumi na bado watu wakamwona mkali. Ndiyo maana nazifundisha mapema, kabla hata ya kueleza zimetoka wapi.

Mzee mmoja wa makamo, anayetoka upande wa Iringa na kulelewa kwenye kusema "Kamwene" kwa kila mkubwa anayepishana naye njiani, aliniuliza swali ambalo nililipenda mno. "Mwalimu, mgeni aliye rika la baba yangu nitamwambiaje 'you' tu, kama namwambia mtoto?" Nikamweleza kwamba zamani Kiingereza kilikuwa na neno jingine la kumwambia mtu mmoja, "thou," na "you" ilikuwa ya wingi, iliyotumika pia kwa mtu mmoja anayeheshimiwa, na polepole ile ya umoja ikaachwa ikabaki hii ya heshima kwa wote. Ndiyo sababu hata kwa mtu mmoja tunasema "you are." Akitaka kuongeza, "sir" na "madam" zipo. Aliandika yote kwenye daftari lake, na tangu hapo anaitamka "you" kwa sauti iliyonyooka.

"He" na "she" ni suala la mazoezi tu; yeye yetu haibagui mume na mke, kwa hiyo ulimi unahitaji muda. Msikilizaji mwenye akili ataelewa. Silipotezei muda mwingi.

"A" na "the" ni habari nyingine. Watu waliosoma hadi shahada bado hutatizika nazo, kwa hiyo anayeanza asikate tamaa. Mara nyingi huambiwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Kinacho, ila kimewekwa kwingine. Sikiliza: "nimenunua kitabu," na "nimekinunua kitabu." Ya kwanza, msikilizaji hakijui kitabu hicho, ni kitabu tu. Ya pili, kitabu hicho tumekwisha kukizungumzia. Kile "-ki-" kinakielekezea kidole. "I have bought a book." "I have bought the book." Si kwamba kila mara kiambishi hicho kitakuwa sawa na "the," maana kwa watu na wanyama tunakitumia hata bila hivyo. Lakini kwa vitu kinampa mwanafunzi hisia ambayo hakuna kanuni itakayompa. Anaanza kujiuliza kabla ya kusema: je, ninayemwambia anakijua kitu hiki?

Kuhusu msamiati, kwanza natoa hofu. Gari linapoingia gereji, fundi wa Mbeya anazungumza breki, gia, klachi, injini, betri, jeki, spea. Fundi cherehani ana zipu, kola, inchi, futi, sketi, blauzi, shati, koti, sweta. Mwenye duka ana risiti, bili, fomu, benki, cheki. Nyumbani kuna friji, glasi, keki, supu. Darasa la kwanza la msamiati mimi siandiki neno hata moja jipya. Kila mtu anataja maneno ya kazi yake, na tunayarudishia matamshi na tahajia ya kwao. Kwa kawaida ni kuondoa irabu tuliyoiongeza mwishoni na kuzibana konsonanti tulizozitenganisha. Mtu aliyekuja akiamini hana kitu anaondoka na kurasa mbili za daftari. Tahadhari zipo. Hoteli yetu mara nyingi ni mahali pa kula ugali na maharage, "hotel" yao ni mahali pa kulala. Na shule si ya Kiingereza hata kidogo, ni ya Kijerumani, ya enzi zile Tukuyu ilipoitwa Neu-Langenburg.

Baada ya hapo swali ni maneno gani yaanze. Wapo waliolifikiria sana. Charles Ogden alichapisha mwaka 1930 mfumo wa maneno 850 tu ya Kiingereza, na vitenzi ndani yake havikuzidi 18. Michael West, aliyefundisha miaka mingi Bengal wakati India ingali chini ya Waingereza, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2000 yanayotumika zaidi katika maandishi ya kawaida. Orodha ya Ogden inabana mno kwa maisha ya kweli, kwa maoni yangu, lakini wazo lake la vitenzi vichache ni zuri. Ya West imezeeka, na bado mtu akiyamiliki maneno yake kwa dhati anasoma gazeti na kuelewa sehemu kubwa ya kila ukurasa. Neno la msingi hapo ni kumiliki. Heri mtu awe na "get" na "take" akijua kuzigeuza kila upande kuliko kukariri majina ya wanyama wote wa mbugani.

Na kuna jambo ambalo kila mwanafunzi anastahili kuambiwa waziwazi: vitenzi vinavyotumika sana kuliko vyote, "be," "have," "do," "say," "go," "get," "make," "know," "take," "see," vyote havifuati kanuni. Hakuna hata kimoja kinachopokea "-ed." Kwa hiyo anayefundishwa kwanza kanuni ya "-ed" na kuachiwa vitenzi visivyofuata kanuni kwa ajili ya baadaye, anafungua mdomo siku ya kwanza na kukuta vyote anavyovihitaji vimo kwenye kile alichoambiwa atakisoma baadaye. Mimi nageuza. Tunaanza na hivyo kumi, kwa sentensi fupi, kwa kuimba kama ni lazima: go, went, gone, take, took, taken. Kanuni ya "-ed" inakuja baadaye kama mapumziko.

Matamshi yanahitaji kusemwa kwa upole, kwa sababu hapa watu wa nyanda zetu wameumizwa. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina nyingi zaidi ya mara mbili ya hizo, ndiyo maana "ship" na "sheep," "full" na "fool," humezana midomoni mwetu. Wanyakyusa wamechekwa miaka mingi kwa "r" inayogeuka "l," kwa kuwa lugha yao haina "r." Wanaowacheka hawajui kwamba Kinyakyusa kina irabu saba, tena kila moja ina ufupi na urefu wake. Mtu aliyekua Rungwe akitofautisha irabu hizo tangu mtoto ana sikio ambalo mimi ninayejua Kiswahili tu sina. Nikimtamkia "ship" na "sheep," mara nyingi yeye ndiye wa kwanza darasani kuzitofautisha. Namwomba awaongoze wenzake. "Right" na "light" tutazifanyia kazi, zina dawa yake, ni suala la ncha ya ulimi. Lakini aanze kwa kujua kwamba lugha ya bibi yake imemwekea akiba.

Ushauri ninaompa anayejisomea nyumbani ni mfupi. Asikie neno kabla ya kuliandika, maana Kiingereza, tofauti na Kiswahili, hakisomwi kama kilivyoandikwa. Tazama "though," "through" na "cough" zilivyofanana kwa macho na kuachana kwa sauti. Asome vitabu vyepesi vilivyoandikwa kwa maneno machache yaliyopimwa, hata kama ni vya watoto, na amalize kitabu. Na daftari lake liwe la sentensi: upande mmoja sentensi ya Kiswahili ambayo kweli aliisema siku hiyo, upande wa pili ya Kiingereza.

Yote haya niliyoyasema yangeweza kumfikia mtoto wa miaka kumi na minne kabla hajafikia umri wa kuja kwangu jioni. Watoto wetu wengi wa shule za serikali husoma masomo ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja, kisha wakiingia kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Jackson Makweta, aliyekuwa mbunge wa Njombe Kaskazini kwa miaka mingi, aliongoza tume ya Rais iliyotoa taarifa mwaka 1982 ikipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili waliotoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta ni dhaifu mno kubeba masomo mengine. Miongo minne imepita. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mpana, na mimi upande wangu ni wa Makweta. Lakini hata asiyekubaliana naye anaweza kukubali jambo dogo zaidi, ambalo halihitaji sera mpya wala fedha.

Walimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza, kuanzia Makete hadi Mbozi, nawaomba kipindi chenu kiwe mahali ambapo mtoto anaruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili. Mwandikieni ubaoni "hakuuza," na chini yake "did not sell." Muulizeni "-li-" imekwenda wapi. Mwacheni ajibu kwa lugha yake mpaka amalize anachotaka kusema, ndipo mumpe sentensi ya Kiingereza aitamke, yeye na wa jirani yake, mara nyingi, kwa sauti.